Kumlea mtoto mdogo katika Uhindu kwa kazi za mikono, michezo na hadithi

Wazazi wanaoleta watoto kwenye darasa letu la Jumamosi hapa Dar es Salaam huniuliza swali lile lile karibu kila muhula: mtoto atakuwa amehifadhi sloka (beti za Kisanskriti) ngapi kufikia Diwali, sikukuu yetu ya taa? Swali hilo nalielewa, kwa sababu wengi wetu tulilelewa na mabibi waliotukalisha chini tukakariri mpaka ulimi ukazoea, na kukariri kwenyewe hakuna ubaya. Lakini baada ya miaka kadhaa ya kukaa sakafuni na watoto wa kati ya miaka mitatu na minane, nimefikia msimamo ambao ndio msingi wa mwongozo huu: mtoto wa umri huo huanza kuishika dini kwa mikono, kwa pua na kwa miguu, na maelezo humwingia pale anapoyauliza mwenyewe. Kwa hiyo mpe kwanza kitu cha kufanya, kisha ukae tayari kwa swali lake.

Naandika nikiwafikiria hasa wazazi wa Kihindu wenye asili ya Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, waliozaliwa pwani hii, ambao Kigujarati kinazidi kupungua nyumbani mwao, na watoto wao hucheza, hugombana na hata huweweseka usingizini kwa Kiswahili. Walimu wa chekechea wenye watoto wa Kihindu darasani wanaweza kuutumia pia, na wao ningewaomba jambo moja mapema: wasichanganye Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, na hapa kwetu anaweza kuwa Bohora, Ismailia, Mgoa Mkatoliki, Singasinga au Jaini. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, awe Mgujarati, Mtamil, Mnepali au mtu wa kisiwa cha Bali. Mtoto anayeitwa kila siku kwa jina lisilo lake hukata tamaa ya kusahihisha, akanyamaza.

Anza na salamu

Mtoto wa pwani hufundishwa kuamkia kabla hajaweza kuvaa viatu vyake. Wengi hueleza kwamba "shikamoo" imetokana na "nashika miguu yako", na Mgujarati anapomwinamia mkubwa wake husema "page lagu", maneno yenye maana hiyo hiyo ya kugusa miguu, huku mkono ukiigusa kweli. Mwambie mtoto hivyo, umwonyeshe kwa mwili wako, na utaona uso wake ukibadilika, kwa sababu kile alichodhani ni desturi ya ba peke yake (ba ni bibi) kumbe jirani naye anacho.

Katika darasa letu tunapanga viti vitatu mstarini. Kwenye kiti cha kwanza mtoto anaunganisha viganja mbele ya kifua na kusema "namaste", yaani nakuinamia; kwenye cha pili anainama na kugusa miguu; kwenye cha tatu anasema "shikamoo" na kungoja "marahaba". Wakubwa wanaokaa wabadilishwe kila wiki, na nasisitiza kwamba kiti kimoja akalie mtu ambaye mtoto hajazoea kumwona ameketi akiheshimiwa: mlinzi wa getini, mpishi, dada wa kazi. Wazee wetu hufundisha kwamba kinachoinamiwa katika namaste ni uungu uliomo ndani ya kila mtu. Mtoto anayeinamia sanamu asubuhi kisha akamfokea dada wa kazi mchana, somo hilo bado halijamfikia, na ni kosa letu wakubwa kwa sababu ametuona tukifanya hivyo hivyo.

Ukishamaliza salamu, nenda kwenye majina ya jamaa, kwa maana hapo ndipo Kigujarati na Kiswahili huchekesha watoto kuliko mahali pengine popote. Katika Kigujarati "mama" ni mjomba, "kaka" ni ndugu wa kiume wa baba, "dada" ni babu mzaa baba, na "nana" ni babu mzaa mama. Bandika picha za jamaa wa familia moja ukutani, kisha tamka neno ukitangulia kutaja lugha: "Kiswahili, kaka!" au "Kigujarati, kaka!" Mtoto hukimbia na kugusa picha sahihi. Nakumbuka binti mmoja wa miaka mitano aliyesikia "Kigujarati, mama!", akaenda moja kwa moja kwenye picha ya mama yake na kuibana kwa viganja vyote viwili, akakataa kusogea hata wenzake walipomwelekeza kwa mjomba. Hatukumsogeza. Wiki iliyofuata aligusa picha ya mjomba, kisha akarudi kumgusa mama yake, na mchezo ukaendelea.

Ongeza "foi", ambaye ni shangazi, na "masi", ambaye ni dada wa mama, kisha uonyeshe kwamba jina la jamaa huja na wajibu wake. Foi ndiye anayempa mtoto mchanga jina. Igizeni: watoto wanne washike pembe nne za khanga, mwanasesere awekwe katikati, wambembeze taratibu, na msichana aliyechaguliwa kuwa foi atangaze jina. Bibi yeyote wa Kigujarati anaujua ule wimbo mfupi unaoimbwa wakati wa kubembeza. Mpigie simu akuimbie, urekodi. Watoto wetu wamemtaja mwanasesere huyo mmoja majina yasiyopungua ishirini, na kila mara wanambembeza kwa uangalifu ule ule.

Hadithi, na mahali pa kuikata

Hadithi zetu zinakaa vizuri ndani ya "Paukwa!" "Pakawa!" na sioni sababu ya kuanza kwa namna nyingine. Ninayoanza nayo karibu kila mwaka ni ile ya mashindano ya Ganesh na ndugu yake Kartikeya. Wazazi wao, Shiva na Parvati, walisema zawadi itakwenda kwa yule atakayetangulia kuizunguka dunia. Kartikeya akampanda tausi wake na kuruka. Ganesh, mnene, mwenye kichwa cha tembo, kipando chake ni panya.

Hapo ndipo pa kuikata hadithi. Waulize watoto: sasa afanye nini? Waache wajibu wote, hata majibu yatakayokwenda mbali, na usimsahihishe mtu. Baada ya hapo ndipo umalizie kwamba Ganesh aliwazunguka baba na mama yake, akasema dunia yake ni wao, akapewa zawadi. Kisha inukeni muicheze: kundi moja likimbie kuzunguka ukumbi mzima, na mtoto mmoja atembee polepole kuwazunguka wazazi wawili waliokaa katikati. Nafasi hiyo ya kutembea polepole mpe mtoto asiyejua kukimbia, au anayeshindwa kila mara kwenye michezo.

Hadithi ya pili ni ya kindi katika ujenzi wa daraja la kwenda Lanka. Nyani na dubu wa jeshi la Rama, mwana wa mfalme aliye shujaa wa hadithi zetu, walibeba mawe makubwa, naye kindi akajigaragaza mchangani na kuyakung'uta manyoya yake kwenye nyufa za mawe. Walipomcheka, Rama alimchukua mkononi akampapasa mgongoni, na watu husema mistari ya mgongo wake ni alama za vidole vile. Kwa hadithi hii andaa sinia lenye mchanga, mawe kiasi, na bakuli la maji. Watoto wakubwa wajenge daraja kwa mawe na wadogo wajaze mchanga kwa kijiko. Mkimwaga maji, wataona wenyewe kwamba mahali palipokosa mchanga maji hupenya. Mtoto wa miaka mitatu anayeona mchanga wake umeyazuia maji hahitaji kuelezwa thamani ya msaada mdogo.

Ya tatu naipenda kwa sababu jirani zetu pia wanayo. Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa hekaya za India, ina kisa cha nyani aliyefanya urafiki na mamba, mamba akataka kumpeleka kwa mkewe aliyeutamani moyo wake, naye nyani akajiokoa kwa kudai moyo ameuacha mtini. Ndani ya kisa hicho mna kingine cha punda asiye na moyo wala masikio. Mkusanyiko huo ulitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 8 kwa jina la Kalila wa Dimna, na visa hivyo viwili vinasimuliwa pia pwani yetu: kima, papa na punda wa dobi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikichapa kisa hicho katika kitabu cha hadithi za Zanzibar mwaka 1870. Mwalike bibi wa Kiswahili aisimulie ya papa, halafu ba asimulie ya mamba, siku hiyo hiyo, mbele ya watoto hao hao. Watoto hugombea kutaja tofauti, na wewe huna kazi tena ila kusikiliza.

Hadithi moja isizidi dakika nane, na irudiwe kwa wiki tatu au nne kabla ya kuleta mpya. Watu wazima huchoka na marudio haraka sana, lakini mtoto ndiyo kwanza anaanza kuimiliki.

Unga, nazi na taa

Rangoli, yaani mchoro wa sakafuni, ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na neno lenyewe lina undugu na "rangi" yetu. Chora sakafuni nukta ishirini na tano, tano kwa tano, kwa chaki. Mpe mtoto bakuli la unga wa mchele na umwonyeshe kuubana kati ya kidole gumba na cha shahada, auachie taratibu akiunganisha nukta. Mstari utakuwa mnene hapa na mwembamba pale, nao uache hivyo. Kwa rangi, changanya unga na manjano, au mchele uliotiwa rangi ya chakula ukaanikwa. Nasisitiza vitu vinavyolika, wala si gundi na vumbi la plastiki linalometameta, kwa sababu maalumu: wanawake wa Kitamil huchora kolam, mchoro wa namna hiyo hiyo, mlangoni alfajiri kwa unga wa mchele, na inasemekana tangu zamani kwamba mchoro huo ni chakula cha sisimizi na ndege pia.

Basi mkimaliza msifagie. Kaeni nusu saa nyingine mkifanya jambo jingine, kisha mrudi. Nimewaona watoto saba wamelala kifudifudi kuzunguka rangoli, kidevu sakafuni, wakimfuata sisimizi mmoja aliyeshika chembe ya mchele wa njano kubwa kuliko kichwa chake, mpaka kwenye ufa wa ukuta. Mvulana aliyekuwa na tabia ya kukanyaga wadudu alikuwa miongoni mwao, na ndiye aliyewaambia wenzake wasogeze miguu. Ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, ni neno ninalolitaja wakati kama huo na si kabla yake. Jioni rangoli ifagiwe na watoto wenyewe. Wengine hulia, na si vibaya. Waambie kesho itachorwa nyingine.

Taa ya udongo, ambayo sisi huiita divo, inahitaji maandalizi zaidi. Chukua udongo wa mfinyanzi wa ukubwa wa ndimu, uviringishe, ubonyeze katikati kwa kidole gumba, kisha uubane ukingo sehemu moja uwe mdomo wa kuegemeza utambi. Anika kivulini siku tatu au nne, maana jua kali huipasua. Udongo ambao haukuchomwa hunywa samli, kwa hiyo weka ndani yake kile kikopo cha bati cha mshumaa mdogo, ndicho kitie samli. Utambi mtoto aufanye mwenyewe kwa kuviringisha pamba kati ya viganja na kuichovya kwenye samli iliyoyeyuka.

Katika kuwasha sina ulegevu hata kidogo. Mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, mkono wake juu ya mkono wa mtoto, nywele zimefungwa, nguo za pamba, bila dupatta (mtandio) wala kitambaa chochote kinachoning'inia, ndoo ya mchanga na ya maji pembeni, na taa zikishawashwa ziwekwe juu ya meza ya mawe au ngazi ambako hakuna anayekimbia. Kwa walio chini ya miaka minne tumia taa ndogo za betri na usione haya. Taa zikishawaka, zima umeme. Ndipo useme kwamba watu wa Ayodhya, mji wa Rama, waliwasha taa usiku wa giza aliporudi baada ya miaka 14 msituni. Ukiisimulia gizani, sentensi mbili zinatosha.

Nazi hutumika katika ibada nyingi za Kihindu, na hapa pwani hatuna upungufu wake. Kwa prasadi, yaani chakula kinachotolewa kwanza kwa Mungu kisha kugawanywa kwa watu, sisi hutengeneza ladu za nazi. Watoto wakubwa hupokezana kukaa juu ya mbuzi chini ya uangalizi, wadogo huponda hiliki kwenye kinu. Mtu mzima huiweka sufuriani nazi iliyokunwa, vikombe vitatu hivi, akaongeza kopo moja la maziwa mazito yenye sukari na kijiko kidogo cha hiliki, akaipika kwa moto mdogo huku akikoroga mpaka iachane na sufuria. Ikipoa, watoto hupaka samli viganjani na kuviringisha vidonge vya ukubwa wa jicho la ng'ombe.

Ugumu wote uko hapa: prasadi haionjwi kabla ya kutolewa. Mtoto wa miaka minne ana ladu mkononi, harufu ya hiliki imejaa chumba, samli imemlowanisha hadi kwenye kifundo cha mkono, na haruhusiwi kulamba. Mwanzoni nilikuwa nikiwakemea, na nilikosea, kwa sababu walijifunza kulamba nikiwa nimegeuka. Siku hizi tunaimba. Tunaimba arti, wimbo wa ibada ya taa, yote tukipiga kengele na makofi, kila mtoto akapata zamu ya kuizungusha sahani ya taa akisaidiwa, na kwa namna fulani dakika sita zinapita. Kisha mtoto hagawiwi ladu aliyoitengeneza mwenyewe: humpa mwenzake wa kulia na kupokea kutoka kwa wa kushoto. Aliyeviringisha ladu ndogo kwa uvivu humwona mwenzake akiipokea. Sijawahi kulazimika kulizungumzia hilo. Jumamosi inayofuata ladu huwa kubwa.

Kuufuata mwezi

Watoto wetu huishi na majirani wanaosubiri mwezi mwandamo, kwa hiyo mwezi wanaujua. Mpe mtoto karatasi yenye miduara kumi na mitano, na kila jioni kwa siku kumi na tano atoke nje apake rangi sehemu ya mwezi anayoiona. Hapa kwetu, karibu na Ikweta, hilali hulala chali kama mtumbwi, na mtoto asishangae ikiwa vitabu kutoka Ulaya vimeichora imesimama. Punam ni usiku wa mwezi mpevu, amas ni usiku usio na mwezi. Holi, sikukuu ya rangi, na Rakhi, sikukuu ya kufunga uzi mkononi, huwa punam. Diwali huwa amas, ndiyo maana taa zinahitajika.

Mtoto wa miaka saba atakuuliza, kama alivyoniuliza mmoja, kwa nini Ramadhani huhama mwaka hadi mwaka na Diwali haitoki Oktoba na Novemba. Jibu lipo na anaweza kulielewa. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ina siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kalenda ya Kiislamu huacha pengo hilo liendelee. Ya Kihindu huongeza mwezi mzima takriban kila baada ya miaka mitatu kasoro. Diwali ya mwaka 2025 ilikuwa Oktoba 20. Mwaka 2026 mwezi wa Jeth unarudiwa, na Diwali inaangukia Novemba 8 badala ya kurudi nyuma. Panga maharage 354 kwenye uzi, na kando yake 365, mtoto aone pengo kwa macho.

Kwa kawaida siku inayofuata Diwali ni mwaka mpya wa Kigujarati, na salamu yake ni "Sal Mubarak", neno ambalo jirani Mwislamu atalitambua mara moja. Mtume mtoto apeleke sahani ya vitamu iliyofunikwa kawa nyumba ya jirani, kwa mikono yake miwili, na salamu hiyo mdomoni.

Sikukuu nyingine, kwa kifupi

Kwa Navratri, usiku tisa za kumtukuza Mungu Mama, mfundishe mtoto garba, ngoma ya duara, ya kupiga makofi kabla ya ile ya vijiti: hatua tatu kuzunguka duara, kofi, kurudi. Katikati ya duara huwekwa garbo, chungu chenye matundu na taa ndani yake, na jina hilo linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Watoto wa miaka sita huielewa haraka picha ya taa iliyomo tumboni. UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023. Vijiti vya dandia viwe vya magazeti yaliyokunjwa na kufungwa kwa gundi ya karatasi, la sivyo mtatibu vidole usiku kucha.

Kwa Rakhi, suka nyuzi tatu za sufu na shanga moja. Kwa desturi dada humfunga kaka, naye kaka huahidi kumlinda. Sisi huwaacha wasichana wafungane pia, na kila mtoto hufunga moja zaidi kwa mtu anayemlinda kweli. Neno "raksha" lina maana ya ulinzi, na watoto wetu kwa kauli moja walimchagua mlinzi wa getini. Alisimama na nyuzi kumi na moja mkononi mpaka zamu yake ikaisha.

Kwa sikukuu ya Ganesh, ambayo sanamu yake huzamishwa majini mwishoni, Ganesh wa udongo atengenezwe bila rangi, na mbegu za mchicha zifichwe tumboni mwake. Siku ya kumzamisha, tumieni ndoo nyumbani. Udongo ukishayeyuka mwageni kwenye chungu cha maua, na baada ya siku chache mchicha huota. Rangi za Holi zitoke jikoni, manjano, bitiruti iliyokaushwa, unga, na nguo ziwe zile ambazo huzihitaji tena, kwa sababu manjano haitoki.

Kwa siku zisizo na sikukuu yoyote, panda tulsi, ndugu wa mrehani na kivumbasi. Mtoto aimwagilie asubuhi kabla ya chai, aguse jani na kunusa vidole. Ni kazi ya dakika mbili, na inampa jambo la ibada lililo lake peke yake ndani ya nyumba.

Maswali ya shuleni

Itafika siku mtoto atarudi nyumbani ameambiwa jambo. "Nyinyi mnaabudu tembo?" ni la kawaida, na mara nyingi muulizaji hana nia mbaya. Fanyeni mazoezi ya jibu fupi, mkicheza kama wanafunzi wawili wakati wa mapumziko: "Ganesh ana kichwa cha tembo. Tunamwomba kabla ya kuanza jambo jipya. Wewe huomba vipi?" Swali la mwisho ndilo muhimu, kwa kuwa linamfanya mtoto asikilize dini ya mwenzake kwa heshima ile ile anayoitaka kwa yake, na halimwachi amesimama kama mshtakiwa.

Lililo gumu zaidi ni methali. Mvulana wa miaka saba aliniuliza Baniani ni nani na kwa nini ni mbaya, kwa sababu darasani walijifunza "Baniani mbaya, kiatu chake dawa". Usiseme ni maneno tu, kwa maana mtoto ameshajua si maneno tu. Nilimweleza kwamba Baniani ni jina la zamani la wafanyabiashara wa Kihindu waliokuja Zanzibar na Mombasa, na asili yake ni "vaniyo", yaani mchuuzi. Nikamwambia kwamba methali yenyewe inakiri jambo: msemaji anamtukana mtu, na papo hapo anakubali kwamba anamhitaji. Alifikiri kwa muda, akauliza kama babu yake alikuwa na kiatu cha namna hiyo. Tukampigia babu yake simu, na mazungumzo yao kuhusu duka la zamani yalichukua sehemu yote iliyobaki ya kipindi.

Maswali usiyoyajua usiyabunie majibu. Nunua daftari, uliweke karibu na mahali pa puja, yaani ibada ya nyumbani, na kila swali la mtoto liandikwe humo mbele yake, ili siku ya kuzungumza na ba, awe Jamnagar kule Gujarat, Leicester kule Uingereza au chumba cha pili, mtoto alisome mwenyewe. Mama mmoja amenionyesha la kwao. Ukurasa wa kwanza una swali: "Panya wa Ganesh hachoki?" Jibu la ba limeandikwa chini kwa penseli, mistari minne, na chini ya jibu hilo, kwa herufi kubwa zilizopinda, mtoto ameongeza: "Na usiku analala wapi?"